Msikisahau kiberenge: barua ya wazi kwa wanaotunza historia ya reli

Kwenu mnaosimamia mashirika ya reli, makumbusho ya reli na karakana zenye vichwa vya zamani vya mvuke,

Salaam.

Mimi ni mpenzi wa reli tangu utotoni. Sina cheo katika kazi yenu, na sijaja kuwafundisha. Nina ombi moja, nalisema mapema ili hata asiyefika mwisho wa barua aondoke nalo: kabla hamjakikata kiberenge kingine kikawa chuma chakavu, na kabla mzee mwingine wa genge la njia, yaani kikundi cha wafanyakazi wanaotengeneza reli, hajaondoka na ujuzi wake, kiokoeni kigari hicho na mrekodini mzee huyo. Vichwa vikubwa vya mvuke vimeshapata wa kuvitetea. Kiberenge hakina mtu.

Najua kuna atakayeuliza: kiberenge ni nini mbele ya garimoshi? Ni kigari cha magurudumu manne, injini ndogo ya petroli, benchi la mbao katikati na mahali pa kuwekea vyuma vya kazi. Hakuna abiria aliyewahi kukikatia tiketi. Lakini mimi nilifundishwa kulitazama garimoshi siku niliyopanda kiberenge, na ningependa mjue ilikuwaje.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa njia. Asubuhi genge lao lilikisukuma kiberenge kwa kukimbia, watu wanne, wawili kila upande, mpaka injini ikohoe: pu, kimya, pu-pu, kimya, halafu inashika na wote wanarukia benchi. Walipakia mitaimbo, sururu, makoleo, nyundo ya mpini mrefu, dumu la maji na bendera mbili, nyekundu na kijani. Siku moja, baada ya kumsumbua kwa muda mrefu, niliruhusiwa kupanda. Miguu inaning'inia kando, mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yanapita chini yako kama mistari ya daftari, na kila kiungo cha reli unakisikia mgongoni kabla hujakisikia masikioni.

Mahali fulani mjomba aliinua mkono, injini ikazimwa. Akapiga magoti, akalaza sikio juu ya reli. Sauti hupita ndani ya chuma cha pua kwa takribani mita 5,000 kwa sekunde, na hewani mita 340 hivi. Mimi nilikuja kulisoma hilo baadaye sana. Yeye alilijua kwa sikio. "Kitoeni," akasema. Wakavuta mikono ya chuma iliyofichwa kwenye fremu, wakakiinua upande mmoja, wakakigeuza, wakakiteremsha kando ya njia. Tukangoja. Kwa muda hapakuwa na kitu, ndege tu. Halafu reli zikaanza kuimba kwa sauti nyembamba, nyayo zikahisi mtetemo, na kichwa kikatokea kwenye kona, cheusi, kirefu, moshi umekilalia mgongoni. Kilipotupita joto lilinipiga usoni kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Nilimwona fayamani, mtia makaa motoni, amepinda mgongo na koleo lake. Niliiona ile mikono mikubwa ya chuma ikiyazungusha magurudumu. Cheche moja ya makaa ilinitua begani ikatoboa shati, na wala sikuihisi mpaka jioni.

Nikamgeukia mjomba ili tushangae pamoja. Hakuwa anakitazama kichwa. Alikuwa amechuchumaa, macho yake chini ya magurudumu, anayaangalia mataruma yanavyozama na kuinuka, moja baada ya jingine. Mabehewa yalipoisha alitembea hatua kama ishirini, akachora alama ya chaki kwenye taruma moja. "Hili linapumua," akasema. Kokoto chini yake zilikuwa zimelegea, na lilikuwa linacheza kila gurudumu lilipolikanyaga. Wakashusha sururu na mitaimbo, kazi ikaanza.

Tangu siku ile sijaweza kuvitenganisha vitu hivi viwili, na ndiyo maana naumia ninapoona mnavitenganisha ninyi.

Kichwa cha mvuke ni mzigo mzito kwa reli kuliko mashine nyingi za uzito uleule. Mikono inayoendesha magurudumu husogea mbele na nyuma, na ili isikitikise kichwa kizima, mafundi waliweka vyuma vya kusawazisha kwenye magurudumu. Vyuma hivyo hutuliza mtikisiko wa mbele na nyuma, lakini kila gurudumu linapozunguka huigonga reli kutoka juu, kama nyundo. Kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo nyundo inavyozidi kuwa nzito. Kwa hiyo lile garimoshi tunalolisifu lilikuwa likipita linaiharibu njia yake lenyewe, kidogo kidogo, na nyuma yake lazima waje watu wenye sururu kurekebisha. Na jua nalo halikukaa bure: reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 5 na nusu. Nafasi za viungo zikibana, reli haina pa kwenda, hupinda. Ule mdundo wa taka-taka, taka-taka ambao sote tuliusinzilia safarini ulitokana na nafasi hizo, na kulikuwa na mtu aliyezipima.

Hata wabunifu wa vichwa waliihurumia njia. Herbert Garratt, Mwingereza, alikigawa kichwa sehemu tatu: boila katikati, na injini mbili zinazojipinda zenyewe, moja mbele na moja nyuma, ili uzito usambae juu ya magurudumu mengi na kona zipitike. Kichwa cha kwanza cha mpango huo kilitoka mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ilijenga vichwa 34 vya daraja la 59 kwa reli ya Afrika Mashariki, kila kimoja tani 252, magurudumu 28, vikapewa majina ya milima. Vilikwenda juu ya reli zenye upana wa mita moja tu! Ukifika kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi ukasimama chini ya Mount Gelai, nambari 5918, shingo inauma kwa kutazama juu. Mimi nikisimama pale namaliza kwa kutazama chini, kwenye kile kipande cha reli kilichokibeba.

Sasa tembeeni katika makumbusho yenu wenyewe kwa macho ya mgeni. Kibao kinasema kichwa kilijengwa wapi, mwaka gani, uzito gani, mwendo gani. Mallard, kichwa cha Uingereza, kilifika kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, na hakuna kichwa kingine cha mvuke ambacho rekodi yake inatambuliwa kuizidi hiyo. Dereva aliitwa Joe Duddington, fayamani Tommy Bray. Majina yao yanajulikana, na ni haki yao. Lakini mwendo ule ulifanyika juu ya reli iliyonyooshwa na kukazwa na watu, na katika miaka yote ya kusoma habari za siku ile sijawahi kukutana na jina hata moja la aliyeshika mtaimbo pale.

Kiberenge nacho kina historia, tena ndefu. Kabla ya petroli kulikuwa na vigari vya kusukumwa kwa mpini wa kupanda na kushuka, watu wawili au wanne wakipokezana, jasho linawatiririka kabla hata hawajafika kazini. Karne ya 20 ilipoanza, injini ndogo zikaingia. Mjini Fairmont, Minnesota, kampuni ya Fairmont ilivitengeneza kwa reli za Marekani na nchi nyingine. Uingereza kampuni ya Wickham, ya mji wa Ware, ilivipeleka karibu kila bara. Na kuna jambo moja ambalo wapenzi wengi wa garimoshi hawalijui: viberenge vingi vilitengwa umeme kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, kwa makusudi, ili visiunganishe umeme wa reli mbili na kuchanganya ishara za njia. Maana yake ni kwamba kwenye mitambo ya ishara kiberenge hakikuonekana kabisa. Aliyekuwa kituoni hakuwa na taa ya kumwambia kuna watu saba mbele. Uhai wa genge ulitegemea karatasi ya ruhusa, saa ya mfukoni, na mtu kama mjomba wangu aliyelaza sikio juu ya reli. Nitasoma wapi habari hiyo ndani ya makumbusho yenu? Ni kigari cha aina hiyohiyo mnachokiacha kwenye nyasi.

Nasema nyasi kwa sababu nimeziona. Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye uwanja wa karakana moja, kwa ruhusa, kupiga picha za vichwa. Nyuma ya ghala kulikuwa na kiberenge. Mti ulikuwa umeota kati ya fremu na benchi, unene wa mkono wangu. Gurudumu moja halikuwepo. Lakini mkono wa kukitolea kwenye reli ulikuwa bado pale, na nilipouvuta ulitoka, laini, chuma kimeng'aa mahali ambapo viganja vya watu viliushika kwa miaka. Nilimwomba msimamizi wa zamu wakiwekee hata turubai. Akanijibu kwa upole kabisa, hakuwa mtu mbaya: "Hicho si kitu, ni kigari tu cha vibarua." Niliporudi baada ya miezi michache palikuwa na doa la mafuta, kutu iliyokwanguka, na kisiki. Kilikuwa kimekatwa, kimepimwa kwa kilo, kimekwenda.

Sikuandika barua siku ile. Nilipaswa kuandika.

Hata vichwa vikubwa viliponea chupuchupu. Mjini Barry, Wales, uwanja wa chuma chakavu wa Dai Woodham ulipokea vichwa 297. Mabehewa yalikuwa rahisi zaidi kukata, kwa hiyo wakaanza nayo, na vichwa vikabaki kando vikingoja zamu, miaka ikapita. Katika kungoja huko wapenzi wa reli wakachangishana na kununua, kimoja baada ya kingine, mpaka 213 vikatoka salama. Vichwa vingi vinavyotembea leo kwenye njia za kumbukumbu za Uingereza vilipitia pale. Vilipona kwa sababu vilicheleweshwa. Vichwa 49 vya aina ya A1, vilivyojengwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, havikucheleweshwa, vyote vilikatwa. Watu wakakaa mwaka 1990 wakaamua kujenga kingine kuanzia sifuri, na kichwa hicho, Tornado, kikawashwa moto mwaka 2008. Miaka 18! Na iliwezekana kwa sababu michoro ya asili ilikuwa imetunzwa York, kwenye makaratasi ambayo mtu fulani angeweza kuyatupa siku yoyote bila kulaumiwa.

Lakini mchoro hausemi kila kitu. Haukuambii makaa yanatupwaje nyuma ya jiko la boila na pembeni ili moto uwe bakuli, wala moshi wa rangi gani unamaanisha hewa imepungua. Haukufundishi kukitazama kioo cha kupimia maji wakati kichwa kinapanda mlima na kile ambacho maji yatafanya dakika kitakapoanza kushuka. Juu ya jiko kuna plagi yenye madini ya risasi ndani. Maji yakipungua hadi jiko likabaki wazi, risasi huyeyuka na mvuke unamwagikia motoni kutoa onyo. Fayamani mzuri alimaliza maisha yake ya kazi bila kuyeyusha hata moja. Alijuaje? Muulizeni, yungali hai katika baadhi ya miji yenu. Kesho hatakuwepo.

Wapenzi wa reli tunachekwa kwa kubishana juu ya vitu vidogo: honi ya kichwa fulani ilikuwa na sauti moja au tatu, namba ilipakwa njano au nyeupe. Mimi nasema ubishi huo ni hazina. Anayekumbuka honi ameshika kitu ambacho hakipo kwenye faili lenu lolote. Mmarekani O. Winston Link aliliona hilo mapema: kuanzia mwaka 1955 alizifuata treni za Norfolk and Western, reli kubwa ya mwisho Marekani kutegemea mvuke, akapiga picha usiku na kunasa sauti, mpaka mvuke ukazimwa huko mwaka 1960. Hakuwa mwajiriwa wa reli ile. Alipewa ruhusa ya kuingia, basi.

Na watu wa njia je? Kusini mwa Marekani magenge ya wafanyakazi Weusi yaliisogeza reli kwa wimbo: mwimbishaji anatoa mstari, wenzake wanaitikia na kusukuma mitaimbo kwa pamoja kwenye mdundo, kwa sababu mtu mmoja mmoja hawezi kuisogeza reli hata unene wa ukucha. Mashine za kushindilia kokoto zilipoingia, nyimbo zikanyamaza. Mwaka 1996 wazee wawili wa kazi hiyo kutoka Alabama, John Henry Mealing na Cornelius Wright, walipewa tuzo ya taifa ya urithi. Walipewa wakiwa hai, wakaimba wenyewe. Kila nchi yenye reli ilikuwa na magenge, na magenge hayafanyi kazi kimya. Nyimbo zenu ziko wapi?

Natarajia jibu la fedha na jibu la usalama. Kuhusu fedha: kiberenge kina urefu kama wa meza kubwa, watu wanne wanakiinua, hakina boila ya shinikizo la kukaguliwa na wataalamu. Gharama ya kukifufua haifikii hata ya mirija ya boila ya kichwa kimoja. Kuhusu usalama: huko Marekani wamiliki binafsi wa viberenge vya zamani huviendesha kwa misafara, siku zilizopangwa, kwa idhini ya mwenye reli na kwa sheria kali. Linafanyika. Magenge yalipohamia kwenye magari ya barabarani yaliyofungwa magurudumu ya reli, vigari vya zamani vilipata wa kuvichukua kwa sababu wenye reli walikubali kuviuza badala ya kuviponda. Uamuzi huo haukuhitaji bajeti, ulihitaji saini.

Kuna mengine ambayo hayana gharama kabisa. Vichwa mnavyoviweka nje viko wazi dohani, funikeni. Mvua ikiingia kwenye chemba ya moshi na kukuta majivu ya makaa ya mawe, mchanganyiko huo hula chuma kama asidi, kwa sababu makaa yana salfa. Yatoeni majivu, leo, kwa koleo na ufagio. Hapohapo mjihadhari na ganda la boila la vichwa vya zamani, mara nyingi ndani lina asbesto, msimpe kijana wa kujitolea alikwangue bila mtaalamu. Na acheni kupaka rangi nyeusi juu ya kila kitu hadi vibao vya shaba. Nimeona namba ya kichwa imezikwa chini ya rangi mpaka nikaisoma kwa vidole.

Big Boy nambari 4014, kichwa kikubwa cha mvuke cha Marekani, ilisimama zaidi ya miaka 50 huko Pomona, California, katika makumbusho, mpaka mwaka 2013 kampuni ya reli ya Union Pacific walipoichukua tena; Mei 2019 ikatembea kwa mvuke wake wenyewe. Vya aina hiyo viliundwa 25, vimebaki 8, kinachotembea ni hicho kimoja. Nilitazama picha za siku ile nikalia, sitaficha. Waliokizunguka walikuwa maelfu. Lakini kilirudi kwa sababu miaka 50 yote kuna watu wa kawaida waliokitia mafuta na kukifungulia wageni mlango, bila kujua kama siku ingefika.

Mjomba sasa ni mzee. Macho yamefifia, ila sikio liko palepale. Mwezi uliopita nilimpelekea bolti mbili nilizookota zamani kando ya njia, nikazigonga kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha chuma, moja nimeikaza na nati, nyingine imelegea. Kabla sijamaliza akasema ipi ni ipi, kisha akanikosoa namna ninavyoishika nyundo. Tukakaa hadi magharibi akinieleza taruma linapumua kwa namna tatu, si moja, na kila moja inatibiwaje. Mbili nilizielewa. Ya tatu alisema hawezi kunionyesha bila njia yenyewe na mtaimbo mkononi. Halafu akaniuliza kile kigari chao kiko wapi siku hizi. Nilimwambia sijui, kwa sababu sikuweza kumwambia nilichokiona nyuma ya ghala lile.

Kinasa sauti ninacho. Ninachowaomba ni siku moja ndani ya karakana yoyote kati ya zenu ambako bado kuna kipande cha reli juu ya mataruma, mtaimbo mmoja, na kijana wenu mmoja wa kazi atakayesimama karibu naye. Nitamleta mimi.

Wenu,
Mpenzi wa reli